Breki Zilizonyweshwa Bia

Wandugu wa Kikula, na wa Panda, na wa Shituru, na hata ninyi wa Kambove mnaokuja sokoni kwetu, nitegeeni sikio. Mimi ni Mama Albertine, yule anayekaanga mikate ya mafuta mlangoni mwa kiwanja kidogo cha ndege cha misheni hapa Likasi. Ulimi wangu mnaujua, na wengine wenu mmeshaukimbia. Lakini leo sikuja kugombana. Nimekuja kusimulia jambo nililoliona kwa macho yangu haya, na kila nikilikumbuka mwili unanisisimka mpaka ninaacha mikate inaungua.

Kiwanja chetu ni mahali pa amani. Siku isiyo na ndege, wamama wanaanika mihogo pembeni, mbuzi wanatafuna majani katikati, na Mamie, msichana wa foni, yaani ile redio ya kuzungumza na vijiji vya mbali, anakaa dirishani anajisuka nywele. Ndege ikikaribia, Mamie anagonga kengele. Mihogo inaondolewa, mbuzi wanafukuzwa, na sisi wote tunainua vichwa juu. Nimeiona ndege ile ikishuka miaka na miaka, na bado moyo wangu unaruka kila mara. Ni kitu chepesi, wanaume wachache wanaisukuma kwa mikono mpaka bandani. Na kitu hicho hicho kinatoka mawinguni kimebeba mgonjwa, kinamweka chini salama kama yai. Mungu ni mkubwa, na akili aliyompa mwanadamu inatisha.

Fundi wa ndege hiyo ni jirani yangu, Papa Déogratias, ambaye sote tunamwita Papa Déo. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya migodi, naye Déo akajifunza ufundi kwenye mitambo ya shaba kabla misheni haijamtuma kusomea ndege. Mke wake ni Mama Blandine, mshonaji, mwanamke mpole ambaye akikasirika ndiyo anazidi kunyamaza. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Delphine. Huyo aliolewa na mwalimu katika kijiji kimoja ng'ambo ya milima, mahali ambapo mvua ikianza, barabara inameza malori mazima. Kutoka kule haraka hakuna njia ila ndege.

Siku moja nilimpelekea Déo mikate, nikamkuta amelala chali chini ya bawa. Nikamwuliza:

— Papa Déo, ndege hii ikishashuka na mbio yake yote ile, inasimamaka na nini?

Akacheka, akachukua mkono wangu, akaniwekea kitu kiganjani.

— Na hii, Mama Albertine.

Wandugu, kilikuwa kibao cheusi kidogo, kingeweza kujificha ndani ya ngumi ya mtoto. Wanakiita plaketi. Rubani akikanyaga pedali, plaketi zinabana sahani ya chuma iliyo kwenye gurudumu, na gurudumu linatii. Basi. Hiyo ndiyo breki, au freni kama tunavyosema huku. Nilikitazama kile kibao, nikaitazama ndege, nikakitazama tena. Mgonjwa, mama mjamzito, rubani mwenyewe, uzima wa wote hao unakuja kuegemea kitu kama nusu biskuti! Nilishikwa na woga, si woga wa nyoka, ni ule unaomshika mtu kengele ya altare ikilia.

— Na ikiisha? nikamwuliza.

— Inaishaka sawa sabuni. Tunaondosha ya zamani, tunatia ingine. Lakini haitiwi ovyo ovyo. Mikono iwe safi, mafuta hata tone moja hapana. Na ukimaliza, unaipika.

— Unaipika? Na bukari?

Bukari ni ugali wetu, basi alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye bawa. Kisha akanieleza. Ndege inatembezwa chini, breki zinakanyagwa kidogo, zinaachwa zipoe, zinakanyagwa tena, zinaachwa tena, mpaka plaketi mpya inashika moto wake na kukomaa.

— Isipopikwa iko mubichi, Mama Albertine. Na kintu mubichi kinakuangusha siku ile unaitumainia.

Maneno hayo aliyasema yeye, kwa mdomo wake. Yashikeni.

Sasa niwaambie ugonjwa wa nyumba ile, ambao ni ugonjwa wa mji wetu mzima. Mnaufahamu: kuaroza. Mtu amenunua pikipiki, tuaroze. Mtoto amepata diploma, tuaroze. Mwingine amevaa viatu vipya tu, ameshaulizwa chupa iko wapi. Kila kipya lazima kinyweshwe bia, na mwenye kitu anyweshwe zaidi. Furaha si dhambi, na mimi mwenyewe najua kucheza. Lakini Papa Déo hakujua kusema hapana, na hakujua kungoja. Kwake yeye kitu kilikuwa kimekamilika siku kilipofika, siyo siku kilipomalizika.

Mnakumbuka manjanja yake, yaani mabati? Alinunua mabati mapya ya nyumba, akayapandisha juu, akayawekea mawe, akasema misumari itakuja kesho, leo tuaroze kwanza. Wakaaroza. Mvua ikaja na upepo wake wakiwa bado wanaimba, ikabeba manjanja mpaka barabara ya pili, moja likaukata mgomba wangu katikati. Msimu mzima Mama Blandine alishona nguo za watu chini ya turubai, maji yakimdondokea shingoni. Hakusema neno. Niliyasema mimi kwa niaba yake, tena kwa sauti, na Déo akaapa mbele ya msalaba kwamba basi. Kiapo kilidumu mpaka kitu kipya kilichofuata.

Mwaka huu, mwanzoni mwa mvua, plaketi za ndege zikaisha. Komanda Georges, rubani, alisema hapandi tena mpaka zibadilishwe, na mpya zilikuwa zinatoka mbali. Ndege ikalala bandani. Vijiji vikalia kwenye foni, na Mamie alikuwa akitoka mle chumbani macho mekundu. Hatimaye, siku ya Jumamosi, kasha dogo likafika kutoka Lubumbashi. Jua halijapanda vizuri, Kikula nzima ilishajua.

Nilimtazama Déo akifanya kazi asubuhi ile, na kweli nawaambia, mikono ile ni zawadi. Aliinua ndege kwa jeki, akafungua gurudumu la kushoto, akatoboa riveti za zamani, zile pini za plaketi, akagonga mpya taratibu. Akaipangusa sahani ya chuma kwa kitambaa safi mpaka ukiinama unajiona uso. Hakuongea na mtu. Hata mikate yangu hakuigusa. Nilikaa pale na sufuria yangu nikasahau wateja, kwa maana kumwona mtu akifanya kazi anayoijua ni kitu kizuri sana duniani.

Kushoto kukaisha. Upande wa kuume alikuwa ameufungua tu, plaketi mpya ziko juu ya kitambaa zinangoja, tuliposikia honi ya lori. Alikuwa Doudou, dereva, mtu ambaye sauti yake inafika kabla ya gari lake. Nyuma ya lori kulikuwa na majirani, makreti ya bia, na mbuzi wa kuchoma kwenye beseni kubwa, mafuta yakimtiririka.

— Papa Déo! Kintu mupya isipokunywa, inakufa mbio! Tunakuya kuaroza!

— Doudou, ngoja kidogo. Inabakia upande moja.

— Basi tuaroze ya kushoto. Ya kuume itasikia wivu, itajifunga yenyewe!

Watu wakaangua kicheko. Nikaiona shingo ya Déo ikigeuka kuelekea makreti. Aa, mama wee! Mtu ukiijua shingo ya jirani yako, huhitaji kuambiwa mengine. Alisema chupa moja tu. Baada ya hiyo akasema moja ya kuaga ile ya kwanza. Baadaye hakusema tena, alikuwa ameshika ubavu wa mbuzi mkono mmoja na chupa mkono mwingine, anacheza.

Mchana Mama Blandine akamletea bukari. Akamkuta amepiga magoti penye gurudumu la kuume, anapiga mluzi, vidole vinang'aa, na watu wamemzunguka wanamshangilia amalize waone. Blandine aliweka chakula chini. Akaenda kwenye bomba, akachota maji, akaleta beseni na sabuni mpaka magotini pa mumewe.

— Baba Delphine, nawa kwanza. Mikono yako iko na mafuta.

— Minye niko fundi ya ndege, Mama Delphine. Hapana mutoto wa kunawishwa.

— Weye mwenyewe unasemaka, hata tone moja hapana.

— Ah! Usinipatishe haya mbele ya bantu!

Blandine akarudi nyuma. Beseni akaliacha palepale. Déo akanyoosha mkono juu ya yale maji safi, akazichukua plaketi kwa vidole vile vya mbuzi, akazifunga. Doudou akatikisa chupa, akaimimina juu ya gurudumu, povu likashuka kwenye sahani ya chuma, watu wakapiga makofi. Nami nikauliza kwa sauti, maana sijui kuuliza polepole:

— Na kupika je, Papa Déo?

— Itajipika yenyewe mu njia!

Beseni likasogezwa bombani na maji yake, watu wakaenda zao, Jumapili ikapita. Jumatatu asubuhi Komanda Georges akafika na mfuko wake wa dawa za vijiji. Akawasha, akaitembeza ndege kidogo, kisha akafungua kidirisha.

— Déo! Pedali ya kuume inaniitika laini.

— Ni mupya tu, Komanda. Itazoea.

Georges akaamini. Miaka yote ile Déo hakuwahi kumdanganya juu ya kazi, na mtu hawezi kuruka angani bila kumwamini aliyebaki chini. Ndege kupanda haihitaji breki sana. Na kule kijijini kwa Delphine kiwanja ni mchanga mtupu, mchanga wenyewe unashika magurudumu. Kwa hiyo aliondoka salama, akatua salama, na hakujua kitu.

Hapa kwetu siyo mchanga. Hapa ni udongo mgumu unaoteremka, na mwishoni mvua za miaka zimechimba korongo ambalo hata mbuzi wanaliogopa. Upande wa kushoto ndiko banda liliko, na kivuli, na sisi watu tunaosimama tukitazama.

Mchana huohuo Mamie akatoka mbio kwenye chumba cha foni, nywele nusu zimesukwa.

— Papa Déo! Mwite Mama Blandine! Komanda anamuleta Delphine!

Mimba ya Delphine ilikuwa imefika mwezi wake, lakini mtoto alikuwa amelala kiupande tumboni, na damu ilikuwa imeanza kutoka. Mkunga wa kijiji alisema hii si kazi yake tena, apelekwe hospitali ya Likasi, na apelekwe sasa. Blandine akaja mbio na uzi bado mdomoni. Doudou akaleta lori, akatandika magodoro nyuma. Majirani wakajaa kivulini, upande ule wa kushoto, wengine na rozari mikononi.

Déo hakuwa kivulini. Alisimama juani, akifuta viganja vyake kwenye suruali, tena na tena, ingawa vilikuwa vikavu. Blandine akamtazama. Hakumtazama usoni, alitazama mikono ile. Kisha akageuza macho kwenye bomba, na lile beseni bado lilikuwa pale, kifaranga kinakunywa ndani yake.

Déo akamwuliza Mamie polepole:

— Komanda hawezi kuenda Lubumbashi? Kule kiwanja ni murefu.

— Lubumbashi mvua inapiga, Papa. Na Delphine hana wakati. Juu ya nini unauliza?

Wandugu, simameni hapa kidogo pamoja nami. Mtu huyu angeweza kunyamaza. Pengine breki zingeshika, pengine Mungu angefumba jicho, na hakuna ambaye angejua. Akisema, atasema mbele ya mke wake, mbele ya misheni, mbele ya mji uliomwita fundi. Niliona mdomo wake unafunguka na kufungwa. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Na hapa aliyekuwa akizaa ni binti yake mwenyewe.

Akaingia chumba cha foni. Mlango ulikuwa wazi, tukasikia kila neno.

— Georges, ni Déo. Unanisikia?

— Nakusikia. Ninaona shimo la migodi ya Kambove, niko karibu kufika.

— Georges, usikanyage freni. Ukikanyaga, kushoto itashika, kuume itateleza, ndege itageukia bantu. Plaketi ya kuume niliifunga na mikono ya mafuta ya mbuzi. Nilikuwa nimekunywa. Sikuipika. Nilikudanganya asubuhi. Usikanyage hata kidogo.

Foni ikanguruma tu. Nyuma ya mngurumo ule tukasikia sauti ya mwanamke akiugua, na Blandine akajishika mlango asianguke. Halafu Georges akasema, sauti yake tulivu kama mtu anayeagiza chumvi:

— Nimesikia. Ondosha bantu wote wa upande ya kushoto. Nitazima motere juu, ile injini isitusukume. Wanaume wenye nguvu bangoje kule mwisho, karibu na korongo.

Mamie akagonga kengele mpaka nikadhani itapasuka. Watu wakakimbilia ng'ambo ya pili, wamama wamebeba watoto, mihogo imeachwa. Déo alikuwa ameshaondoka. Alikuwa anakimbia kuelekea korongo, na nyuma yake Doudou, na nyuma ya Doudou wale wale waliocheza Jumamosi. Hakuna aliyemwita mwenzake. Walikimbia tu.

Sasa mnisikilize vizuri. Nimeishi miaka mingi, lakini kitu kama kile sikuwahi kukiona kabla. Ndege ilitokea juu ya miti, na mara sauti ikakatika. Kimya! Ndege bila sauti! Ilishuka kwa upepo peke yake, pangaboi lake la mbele limesimama wima halizunguki, mabawa yanayumba kidogo. Ikagusa udongo mwanzoni kabisa mwa kiwanja, ikaruka kidogo, ikagusa tena. Ikapita mbele yetu ikiserereka, karibu kiasi kwamba nilimwona Delphine kupitia kioo, kichwa kimelala nyuma. Nilisikia mawe madogo chini ya magurudumu, na upepo kwenye mabawa, na mtu mmoja akisema Salamu Maria. Ee Mungu wangu, ilikuwa nzuri na ilikuwa inatisha, na sikujua kama ninalia.

Ilipunguza mbio, lakini mteremko uliivuta. Korongo lile pale. Wanaume wakaiacha iwafikie, kisha wakaikimbilia pande zote mbili, wakashika vyuma vinavyobeba mabawa, wakashika mkia, wakashika chochote. Déo alikuwa wa kwanza. Viatu vyake vikachimba mifereji miwili kwenye udongo, akaburutwa, akaanguka magoti, hakuachia. Doudou alikuwa nyuma yake ameushika mkia, analia kwa sauti kubwa jina la mama yake. Ndege ikaenda polepole, ikaenda, ikasimama. Toka gurudumu la mbele mpaka ukingo, mtu mrefu angelala pale na miguu yake ingening'inia korongoni.

Delphine akatolewa, akawekwa kwenye lori, Blandine amemshika kichwa, na Doudou akaendesha kama hakuwahi kuonja bia maishani.

Komanda Georges akashuka. Akasimama mbele ya Déo, ambaye viganja vyake vilikuwa vimechubuka, damu inatiririka mpaka viwikoni. Tulidhani atampiga.

— Kama ungenyamaza, akasema Georges, ningekanyaga freni pale pale Mama Blandine alisimama.

— Najua.

— Najua kama unajua. Sasa hii usiguse ndege yangu mpaka nitakuita.

Jioni ile hospitalini Delphine alipasuliwa, akatolewa mtoto wa kike, mzima, mwenye hasira. Mama naye alipona, ingawa alilala huko majuma mengi. Déo alifika mpaka mlangoni mwa wodi, akasimama. Blandine alitoka, akaitazama mikono yake. Halafu akaenda, akarudi na beseni la maji ya uvuguvugu, akamwosha zile damu kidole kwa kidole. Na Papa Déo, mwanaume mzima, alilia pale kwenye ukumbi mpaka wauguzi wakaja kutazama.

Msidhani iliishia hapo. Ndege ililala tena, kwa sababu plaketi zile zilizokula mafuta hazisafishiki, zinatupwa. Vijiji vikalia tena kwenye foni. Déo alikuwa akija kila asubuhi kukaa nje ya uzio, kwenye jiwe karibu na jiko langu, na kila Mamie alipotoka na macho mekundu, yeye aliinamisha kichwa. Ile ndiyo ilikuwa adhabu yake, na ilikuwa inawaangukia wasiokula hata kipande cha yule mbuzi.

Plaketi zingine zilipofika, Georges akamwita. Watu wote walikuja, hakuna aliyewaalika. Doudou alikuja kwa miguu, bila kreti, amebeba beseni na sabuni. Déo akanawa mpaka viwikoni, mbele yetu sote, hakuona haya. Akafunga kushoto, akafunga kuume, akaangalia, akaangalia tena. Kisha Georges akapanda, na upishi ukaanza. Ndege ikatembea, ikakanyagwa, ikapoa. Ikatembea, ikakanyagwa, ikapoa. Mtoto yeyote angechoka, lakini sisi tulisimama tukitazama kama wakati wa misa. Harufu ya moto mdogo ikaja puani. Mwishowe Georges akaiendesha kwa nguvu kuelekea korongo lile lile, akakanyaga pedali zote mbili, na ndege ikasimama papo hapo, imenyooka, haikugeuka hata kidogo. Mamia ya kilo za chuma yametii vibao vile vidogo! Nikajifunika mdomo kwa kitenge.

Déo akasogeza kiganja karibu na gurudumu, akasikia joto lake.

— Imeiva, akasema.

Juzi mtoto alibatizwa na Abbé, padri wetu, anaitwa Chérie. Tulipotoka kanisani, Doudou, ambaye Mungu hajamnyima ulimi, akamsogelea Mama Blandine.

— Mama, na mutoto mupya hivi, kweli hatutamuaroza?

Na yule mwanamke asiyesema, siku hiyo akasema.

— Abbé alishamuaroza, Doudou. Na maji. Tena alingoja kwanza azaliwe.

SOMO

Wandugu, hamkusikia hapa nikisema msifurahi. Furahini, lakini kazi iishe kwanza. Kitu kikifika hakijakamilika. Kinakamilika kikishafungwa, kikishapikwa, kikishajaribiwa. Bia inaweza kungoja, haiozi. Na wewe unayemletea fundi chupa akiwa bado amepiga magoti penye kazi yake, usijiite rafiki yake, kwa sababu hujui ni mtoto wa nani atakayepanda kile anachokitengeneza. Waweza kukuta ni wako.

Mke akikuletea maji ya kunawa, nawa. Hakukuaibisha, amekuokoa. Na kama umeshakosea, mikono ikiwa tayari na mafuta, fungua mdomo kabla ndege haijagusa ardhi. Kunyamaza hakujawahi kusimamisha gurudumu lolote.

Mimi nimemaliza. Mikate bado moto, lakini anayetaka kununua apitie kwanza pale bombani, beseni liko palepale.